Jirani wa Ukuta Mmoja

Jumamosi, 7 Juni

Mama amefika salama. Idi ya kuchinja ilimkuta angani jana, kwa hivyo leo tumemfanyia Idi yake peke yake: pilau, kachumbari, na kaimati zilizokataa kuumuka. Maryam amemshika bibi yake mkono akamtembeza nyumba nzima, juu mpaka chini. Kila chumba Mama alisema mashaallah, kisha akauliza, "Na humu analala nani?" Nikamwambia hakuna, hiki ni cha wageni. "Na huku chini?" Hakuna, Mama, huku ni mashine ya kufulia na vyombo vya Nadir. Akatikisa kichwa. Sikujua anasifu au anasikitika.

Nyumba zetu hapa Annandale, Marekani, zimejengwa safu moja, ukuta kwa ukuta, kila moja na ngazi zake za mbele na kipande cha uwanja nyuma. Tulinunua mwaka juzi, baada ya miaka ya kupanga nyumba za watu. Kulia kwetu yuko Bi Lorraine, Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, mjane, ambaye akiona umeacha pipa la taka nje atakugongea mlango akwambie. Kushoto yuko Jussara, Mbrazili, kazi yake kusafisha nyumba za watu. Huyo nyumba yake imejaa. Chini anaishi kakake, Tito, fundi wa vigae, na mkewe Neide mwenye mimba, na mabinamu wawili ambao majina yao bado sijayashika. Magari yao yamepangwa mbele yetu, moja lina ngazi juu ya paa.

Jussara alipomwona Mama tu, akaja na sahani ya vile vimkate vyao vya jibini, vya moto. Wakakumbatiana kama waliopoteana zamani. Mama amekula vyote.

Jumanne, 10 Juni

Joto. Tito ameegesha tena mbele ya mlango wetu. Nimemwambia Nadir, mume wangu, akasema barabara si ya babangu.

Alhamisi, 12 Juni

Mamake Azhar amepiga simu. Wanakuja Jumapili kumposa Maryam. Ni Wazanzibari, watu wa heshima, babake Azhar ni daktari wa moyo, na wanakaa ng'ambo ya mto, Maryland, katika mtaa ambao nyumba haigusani na nyumba. Maryam anacheka tu. "Ma, relax. They're nice people." Nimenunua mapazia mapya.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefua, nimepiga pasi, nimefukiza udi. Mama amesema nyumba inanukia kuliko bibi harusi.

Nilitaka kwenda kumwambia Jussara kwamba kesho nina wageni wakubwa. Nikafika mpaka kwenye ngazi zake nikarudi. Nitaanzia wapi? Sogezeni magari, punguzeni sauti, vaeni mashati? Niliona haya. Nikasema labda kesho watatoka.

Jumapili, 15 Juni

Hawakutoka.

Wageni walikuja na magari mawili na hapakuwa na mahali pa kuyaweka. Waliyaacha mwisho wa barabara wakaja kwa miguu, jua la saa nane juu ya vichwa vyao, mamake Azhar na viatu vya kisigino, shangazi yake nyuma akiinua buibui lisiguse lami, wanaume na sinia za halua na nguo zilizofungwa karatasi za dhahabu. Nilisimama mlangoni nikiwatazama wakija. Walipofika kwa Jussara muziki ulikuwa umefunguliwa mpaka mwisho. Binamu mmoja, kifua wazi, alikuwa ameketi juu ya boneti na chupa mkononi, akawaamkia kwa kupunga. Na moshi. Nyuma walikuwa wanachoma nguruwe. Harufu ilipita juu ya paa ikashuka mbele kuwapokea wageni wangu.

Shangazi yake Azhar aliingia akaketi, akajipepea na ncha ya mtandio, akasema, "Kumbe mmezungukwa."

Neno moja tu hilo. Wengine hata hawakulisikia. Mimi lilinikaa kifuani. Wanaume walizungumza, babake Azhar akaomba kwa maneno mazuri, Nadir akajibu, fatiha ikasomwa, watu wakaitika amina, na mimi nilikuwa nasikiliza ngoma ya upande wa pili. Posa ya mwanangu wa pekee, na siwezi kukumbuka nani alisema nini.

Halafu likaja hili. Nilikuwa jikoni natia sharubati. Dirisha la jikoni linaangalia nyuma. Jussara alinyoosha shingo juu ya uzio, uso wote unang'aa jasho na furaha, akainua sinia iliyofunikwa. "Rahma! Kuku! Kuku peke yake, moto wake mbali! Kwa wageni wako!"

Alikuwa amewaona wakipita, akatoa kuku aliokuwa amemchomea Mama kwenye jiko jingine. Shangazi yake Azhar alikuwa mlangoni mwa jikoni, ameleta gilasi. Akanitazama aone kama ninajuana na yule mwanamke.

Nilivuta pazia.

Jumatatu, 16 Juni

Mchana, wakati wa chakula, nilitoka kliniki nikakaa ndani ya gari, nikapiga simu kaunti. Kijana mwenye sauti ya adabu alipokea. Nikasema kuna nyumba ina watu wengi chini, na chini hakuna dirisha la mtu kutokea moto ukiwaka. Akauliza jina langu. Nikasema nisingependa kulitaja. Akasema hapana neno.

Nikaongeza, "Nahofia usalama wao." Hata sauti nililegeza iwe ya huruma.

Nikarudi mezani kwangu nikapokea wagonjwa wa meno mpaka jioni. Nilikuwa mwepesi. Naliandika hili kwa sababu ni kweli: nilikuwa mwepesi kabisa.

Jumanne, 24 Juni

Joto la kuua. Mama hatoki mpaka jua litue.

Alhamisi, 26 Juni

Wamekuja. Mwanamume na mwanamke, fulana zenye nembo, tochi na kipimo cha kamba. Niliona kupitia pazia jipya. Waliingia kwa Jussara, wakakaa sana, wakatoka.

Jioni Jussara alikuja nyuma, kwenye uzio. Macho mekundu. Kiingereza chetu sote wawili ni cha kuokoteza, lakini leo nilimwelewa kila neno. Dirisha la chini ni dogo, liko juu sana, mtu hawezi kutoka moto ukitokea, kwa hivyo hakuna ruhusa ya mtu kulala chini. Tito na Neide na wale wawili wahame kabla ya mwezi wa saba kuisha.

"Mimba ya miezi sita, Rahma," alisema. "Ataenda wapi na tumbo lile?"

Nikasema pole. Nikapitisha mkono juu ya uzio, akaushika.

"Ni yule," akasema, akaelekeza kidevu upande wa pili wa nyumba yetu, kwa Bi Lorraine. "Nani mwingine hupiga simu hapa? Mwaka jana alipiga kwa sababu ya gari bovu. Na mimi kila asubuhi nampelekea kahawa! Namtolea pipa! Ni yeye, sivyo?"

Nilikuwa na nafasi pale. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu.

Nikasema, "Labda."

Ijumaa, 27 Juni

Labda.

Jumamosi, 5 Julai

Mtaa mzima umejua, na wote wana jina moja mdomoni. Fataki za jana, za sikukuu ya uhuru wao, zilipigiwa mwisho wa barabara, watu wametoka na viti vyao, watoto wanakimbia. Bi Lorraine alitoka na keki aliyooka, kama kila mwaka, akaiweka kwenye meza ya wote. Mpaka tunakunja viti hakuna aliyeikata. Aliichukua akarudi nayo ndani. Mama aliniuliza, "Yule mzee amefanya nini?" Nikasema sijui.

Alhamisi, 10 Julai

Mvua kubwa ya radi, kisha joto tena, zito zaidi.

Maua ya Bi Lorraine, yale ya buluu mbele ya ngazi zake, yamekauka yote kwa mara moja. Nilipita karibu. Udongo unanuka dawa ya kung'arisha nguo.

Jumamosi, 12 Julai

Nilikutana na Bi Lorraine kwenye masanduku ya posta. Alikuwa amevaa vizuri, hereni na kila kitu, kama anayekwenda kanisani, kuja kuchukua barua tu.

"Rahma," akasema, "wewe huna maneno mengi, kwa hivyo nakuuliza wewe. Nimewakosea nini watu hawa?"

"Hakuna, Bi Lorraine. Ni joto. Watu wamechoka na joto."

Alinitazama usoni. Amefundisha watoto maisha yake yote, nadhani anajua uso wa mtu anayeficha kitu. Akasema, "Jussara hanifungulii tena mlango." Akaenda zake, akishikilia chuma cha ngazi kwa mikono miwili.

Sijui ni lini alianza kushika kwa mikono miwili.

Jumatano, 16 Julai

Nimeanza kukwepa uwanja wa nyuma. Lakini Mama hakwepi. Kila jioni anakaa kwenye ngazi za mbele na leso begani, na Jussara akirudi kazini anaketi karibu yake, wanamenya mbaazi au wanakaa tu. Leo nilikuwa ndani, dirisha wazi, Maryam ndiye aliyekuwa akitafsiri.

Jussara alikuwa anasimulia mtaa wao, pembezoni mwa Belo Horizonte, mwisho kabisa wa njia ya basi, mlimani. Babake alijenga chumba kimoja cha matofali mekundu, bila lipu. Tito alipooa, wakajenga cha pili juu ya kile cha kwanza. Dada akaja na watoto, wakajenga juu tena. Juu kabisa wakaacha sakafu wazi bila paa, na Jumapili wote hupanda huko kuchoma nyama na kutazama taa za mji ambao si wao. Hakuna aliyewahi kuambiwa hapana nafasi, akasema. Ukikosa nafasi unaongeza matofali.

Mama alicheka mpaka akapangusa machozi. "Mwambie ni kwetu Kisauni huko! Mwambie amekaa kwetu!"

Maryam akatafsiri. Halafu akaja ndani kuchukua maji, akanikuta nimesimama nyuma ya pazia. "Ma, why are you standing in the dark?" Nikasema natafuta miwani.

Ijumaa, 18 Julai

Nilipiga tena ile nambari ya kaunti. Nikasema nimekosea, hakuna shida yoyote katika nyumba ile, wawaache. Mwanamke mmoja alinijibu kwa upole kwamba ukaguzi umekwisha fanyika na dirisha ni lile lile. Akanishukuru kwa kujali.

Jumamosi, 26 Julai

Leo wamehama. Tito anakwenda kulala na mafundi wenzake Maryland, chumba cha wanaume. Neide anapelekwa kwa shangazi yake Massachusetts, atazalia huko, na Tito atakwenda atakapopata likizo. Mabinamu wameshatangulia, sikuwaona wakiondoka.

Nadir alitoka kusaidia kupakia. Amebeba kitanda, amebeba mashine ya kukatia vigae, fulana imeloa. Mimi nilipika biriani nikaifunga kwenye vyombo vya kwenda navyo, nyingi kupita kiasi, kama ya harusi. Neide alinibusu mashavu yote mawili, akaweka mkono wangu juu ya tumbo lake. Mtoto alikuwa anacheza. Nikautoa mkono haraka, akadhani nimeogopa kumuumiza, akacheka.

Tito aliagana na dada yake pale barabarani na hakuna aliyelia. Alipanda gari, akazungusha, akashusha kioo. "Bi Rahma, sasa utapata pa kuegesha," akasema. Alikuwa anatania. Ndivyo alivyo, ni mtu wa mzaha.

Wakati tunaosha mikono Nadir alisema, "Aliyefanya jambo hili hana haya." Nikampa taulo.

Jumapili, 3 Agosti

Mamake Azhar amekuja peke yake kupanga tarehe ya nikaha. Aliegesha mlangoni kabisa. Barabara yote tupu.

Tukala, tukazungumza. Ni mwanamke mchangamfu, sikumtambua siku ile kwa hofu yangu. Kisha akageuza shingo dirishani akasema, "Wako wapi wale jirani zenu wa ngoma? Loo, siku ile walinifurahisha! Tulipokuwa tumefika nchi hii tulikaa Columbia Heights, familia tatu nyumba moja, Wasalvador juu yetu wanapiga muziki mpaka dari linacheza. Nilipopita pale nikamwambia baba Azhar, hawa wana watu, mwanangu anaingia mahali penye watu. Kule kwangu naweza kufa nisijulikane mpaka Ijumaa."

"Wamehama," nikasema.

"Masikini. Kwa nini?"

Maryam akajibu kwa niaba yangu. Akasema kuna mwanamke mzee jirani aliwachongea. Akasema kwa Kiswahili, mwanangu ambaye hunijibu siku zote kwa Kiingereza. Alikuwa na hasira, na alitaka mkwe wake aelewe vizuri. Mamake Azhar akasema, "Mungu amsamehe."

Nilikwenda jikoni nikakaa huko mpaka chai ikachemka ikamwagika.

Jumanne, 12 Agosti

Asubuhi nilikuwa naelekea kazini, Mama akaniita kutoka kwenye ngazi.

"Yule mzee hajafungua pazia."

Nikamwambia labda amelala.

"Jana pia hakufungua. Mimi hukaa hapa, naona. Nenda kamtazame."

Nilikwenda. Nikabisha, nikaita. Kimya. Nikaweka sikio mlangoni, nikasikia kitu kinagongwa, taratibu, kama kijiko kwenye sakafu. Mlango umefungwa. Nikakumbuka kwamba Jussara alikuwa na ufunguo, wa tangu enzi za kahawa.

Nilikimbia nikampigia mlango. Alitoka na ndoo zake mkononi, anakwenda kazini. Nikamwambia Bi Lorraine ameanguka ndani, lete ufunguo. Alisimama. Nilimwona akisimama. Uso ulifungika kabisa. Halafu akaacha ndoo zikaanguka, akarudi ndani, akatoka pekupeku akakimbia kunishinda.

Alikuwa sakafuni jikoni, kati ya jokofu na meza, mguu mmoja umekaa vibaya. Ndani kulikuwa kama tanuri, ile mashine ya baridi imezimika. Midomo yake imepasuka. Mkononi alikuwa na kijiko cha mbao. Tangu jana asubuhi alikuwa pale.

Jussara alipiga magoti, akamwinua kichwa akakiweka kwenye mapaja yake. Bi Lorraine alifumbua macho, akamtazama, akasema kwa sauti ndogo sana, "Kahawa imechelewa leo."

Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Mimi nilikuwa nimesimama na simu, nawaeleza watu wa ambulensi nyumba ilipo, nikataja jina langu lote, na herufi zake, moja moja.

Walipomchukua, tulibaki wawili kwenye ngazi. Jussara alijifuta na aproni. "Kila asubuhi nilikuwa naingia," akasema. "Ningemkuta jana. Ningemkuta papo hapo." Kisha akasema, kama anayejitetea mbele yangu, "Lakini alimtoa ndugu yangu nyumbani, Rahma. Alimtoa ndugu yangu."

Na mimi hata hapo sikufungua mdomo. Nilisema nimechelewa kazini. Nilikwenda kazini.

Jumatano, 13 Agosti

Nyonga imevunjika. Wamempasua. Atapona, lakini nyumbani peke yake hatarudi, amesema mpwa wake.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemwambia Nadir, baada ya kurudi msikitini. Sikupanga. Alikuwa anavua kofia akasema imamu leo amezungumza juu ya jirani, na mimi nikasema, "Ni mimi niliyepiga simu." Akauliza simu gani. Nikamwambia yote, nguruwe na shangazi na pazia na labda.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliketi akaishika kofia. "Nilibeba kitanda chao," akasema. "Ulinitazama nabeba kitanda chao."

Mama alikuwa kwenye kochi sebuleni, tulidhani amesinzia na tasbihi. Akasema bila kufumbua macho, "Rahma. Wewe umezaliwa Kisauni. Mamdogo zako na watoto wao tulilala nao chini, kichwa kwa miguu, ukilia usiku hatujui ni nani atakuchukua kwanza. Ulitaka nasi tupigiwe simu?"

Nikasema hapana, Mama.

"Basi nenda kaseme. Usinieleze mimi."

Jumamosi, 16 Agosti

Sikuenda.

Jumatano, 20 Agosti

Sikuenda. Maryam ameambiwa na babake. Amepita mbele yangu kwenye korido kama anapita mbele ya fanicha.

Ijumaa, 29 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Jussara anahama kesho. Nyumba ile hawezi kuilipia peke yake, amepata chumba kwa rafiki Maryland, karibu na Tito. Nimejua kwa Mama, si kwake.

Jumamosi, 30 Agosti

Lori lilikuwa limeshafunguliwa nyuma nilipokwenda. Alikuwa anafunga magodoro kwa kamba. Niliomba aache kamba, akaacha.

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno kwa wiki mbili, yakatoka mengine. Nikasema, si Lorraine. Ni mimi. Mimi niliyepiga.

Alidhani hakunisikia vizuri. Nilirudia. Kisha nikaanza kueleza, wageni, harufu, magari, na nikajisikia jinsi ninavyoeleza, nikanyamaza.

Mvua ilikuwa nyembamba, inamwagika juu ya nywele zake na hakujifunika. "Kwa nini hukubisha?" akauliza. "Ukuta mmoja, Rahma. Ungebisha tu. Ningewaambia wavae, wazime, waondoke. Tungekwenda kuchoma bustanini kwa kaunti. Ungesema tu, nina wageni."

"Niliona haya," nikasema.

"Haya," akasema. Alilichukua neno kama anayelipima uzito. Halafu akauliza, "Na yule mzee? Nilipokuuliza?"

Niliinamia ile kamba.

Alifunga mlango wa lori. "Nipeleke," akasema. "Sasa hivi. Utasema mbele yake."

Bi Lorraine yuko kwenye nyumba ya kuuguzia, si mbali na kwetu, chumba cha watu wawili na pazia katikati. Amepungua. Alikuwa ameketi kitini na shali, na alipomwona Jussara uso ulifunguka, kisha ukajizuia, kama mtu aliyefundishwa kungoja kwanza.

Nilisimama miguuni pa kitanda nikasema. Kwa Kiingereza, polepole, nisije nikaficha kitu ndani ya lugha. Nilisema nilipiga simu. Nilisema Jussara aliponiuliza kama ni wewe, nilisema labda. Nilisema keki niliiona. Nilisema maua niliyaona. Siku ile kwenye masanduku ya posta nilijua.

Bi Lorraine hakunitazama. Alikuwa anamtazama Jussara, kwa sababu Jussara alikuwa ameshapiga magoti, ameweka paji la uso juu ya magoti ya mzee, anasema Kireno, anasema Kiingereza, anasema samahani kwa lugha zote mbili. Yeye, ambaye hakufanya lolote ila kuamini. Bi Lorraine alimpapasa nywele zilizoloa. "Najua, mwanangu. Najua. Hata mimi ningeamini. Kweli nilipiga simu juu ya lile gari." Wakacheka na machozi. Jussara akauliza wanampa kahawa gani hapa. Mzee akasema maji ya kuoshea kikombe.

Nilibaki nimesimama. Hakuna aliyeniambia nikae wala niondoke. Mwuguzi aliingia akadhani ni mgeni wa mgonjwa wa upande wa pili wa pazia, akaniuliza kama nahitaji kiti.

Mwishowe Bi Lorraine akaniinulia macho. "Rahma," akasema, "nilikuwa sakafuni pale nafikiri ni nini nilichowafanyia watu. Nilipitia maisha yangu yote, mpaka darasa la kwanza nililofundisha. Nilikuwa natafuta." Hakumalizia. Akamgeukia Jussara, akaendelea na habari za kahawa.

Tulipotoka, nilimfungulia Jussara mlango wa mbele wa gari. Akaupita. Akafungua wa nyuma, akaketi nyuma yangu, akafunga mkanda. Nilimrudisha Annandale hivyo, mvua kwenye kioo, kama dereva na abiria wake, na kila nikitazama kioo cha juu aliangalia nje.

Mbele ya lori alishuka. Nilishusha kioo changu. Sikuomba chochote, nilitaka tu asiondoke bila neno.

"Mamako nitampigia," akasema. "Wewe usinipigie."

Jumapili, 7 Septemba

Neide amejifungua mtoto wa kike, mapema kidogo, lakini wazima wote wawili. Nimeipata habari kupitia mlango wa jikoni. Jussara amempigia Mama, na Mama yuko kwenye ngazi za mbele na simu ameishikilia kwa mikono miwili, anampigia kelele kwa Kiswahili, na Jussara anamjibu kwa Kireno kilichochanganyika na Kiingereza, na hakuna hata mmoja anayemwelewa mwenzake. Maryam ameketi kati, anatafsiri pale wanapompa nafasi. Wanacheka, wote watatu.

Hawakuniita. Nilikuwa naosha vyombo. Nimefunga mfereji nisikie.